Muulizwe Kabla Msingi Haujachimbwa



Wajukuu zangu, mmekuja kuniuliza jambo moja: tufanye nini, bibi, ili lile ghorofa lisijengwe pale kona? Hasira yenu naielewa, lakini jambo hili mmelishika kwenye mkia. Siku lori linapomwaga kokoto na nondo, mengi yameshapita. Kiwanja kimeshauzwa. Hati imeshabadilishwa jina. Matumizi yameshatolewa kwenye makazi yakapelekwa kwenye makazi na biashara. Mchoro umeshapitishwa na kibali kimeshatoka. Kila hatua kati ya hizo ilikuwa na siku yake na ofisi yake, na kwenye nyingi mlikuwa na nafasi ya kusema neno. Hamkwenda kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kuna pa kwenda. Hilo ndilo ninalotaka kuwaambia leo, na nitaanzia mbali kidogo, mnivumilie.

Kwanza mjue mnachokitetea. Nilimsikia mmoja wenu akisema tunataka kulinda sura ya Makole, kata yetu hii ya Dodoma. Nikamwuliza, sura ipi? Akanyamaza. Msinyamaze kwenye swali hilo, maana ndilo la kwanza mtakaloulizwa na afisa mipango miji, na mwenye ghorofa atakuwa na majibu yake tayari. Atasema nyumba zetu ni kuukuu, mabati yameshika kutu, kuta ni za tofali za udongo zilizofunikwa kwa plasta, vyoo ni vya shimo. Atasema makao makuu ya nchi hayawezi kubaki na nyumba za namna hiyo katikati yake. Mengi katika hayo ni kweli. Mkisimama kutetea mabati mtashindwa, na mimi sitawalilia, maana sitaki mjukuu wangu alale katika nyumba inayovuja.

Mimi nitawaambia ninachokitetea. Natetea uani. Nyumba zetu hizi, vyumba vinavyotazamana, ukumbi mwembamba katikati, uani kwa nyuma, zimewapokea watu wa kila kabila kwa kodi ambayo mwalimu wa shule ya msingi na muuza mboga waliweza kuilipa. Uani ndipo mwenye nyumba na wapangaji wake wanapoanika mlenda, wanapofua, wanapogombana na kupatana. Mtoto wa mpangaji anakua akijua kwamba mama yake akiugua usiku kuna milango mingi ya kugonga. Natetea mwarobaini ulio mbele ya nyumba, kwa sababu jua la Oktoba hapa Dodoma linachoma kweli kweli, na upepo wa Julai unabeba vumbi hadi ndani ya sufuria. Natetea vichochoro vinavyopita kati ya nyumba na nyumba, ambavyo mjamzito anavipita kwenda Kituo cha Afya Makole kwa miguu yake, bila nauli. Na zaidi ya vyote natetea mahali pa kuwekea msiba.

Hili la msiba lifikirieni vizuri. Akifa mtu hapa mtaani, turubai linafungwa mbele ya nyumba, majamvi yanatandikwa, wanaume wanakoka moto nje, wanawake wanajaa ndani na uani, na masufuria makubwa yanatoka nyumba tatu nne tofauti. Watu wanalala pale mpaka tanga linapoanuliwa. Kwetu Wagogo, na kwa Warangi, Wanyaturu, Wasukuma na Wahaya tunaoishi nao, mtu hazikwi na familia yake peke yake. Sasa tazameni ghorofa lililojengwa hadi mpakani, chini maduka, juu vyumba vya wageni, mbele maegesho ya magari yaliyotandikwa matofali ya pevingi. Turubai litafungwa wapi? Na akifa aliyepanga ghorofa ya nne, ni nani wa chini atakayejua kabla ya harufu ya ubani? Mtaa ukishindwa kuweka msiba, ujue watu wake wameshaachana.

Jambo jingine la kutetea ni maji, na hili wataalamu hawawezi kuliita mambo ya wazee. Nchi yetu ni kame. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni nadra kuvuka milimita 600 kwa kiasi kikubwa. Ila ikija inakuja kwa kishindo, na udongo ulio wazi uani ndio unaoimeza. Kiwanja kikisakafiwa ukuta kwa ukuta, maji hayo yanakwenda kwa jirani wa bondeni. Ya kunywa nayo yanatoka nje ya mji, kwenye visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na mamlaka ya maji, DUWASA, wamelazimika kuchimba vingine kadiri mji unavyotanuka. Jengo la vyumba arobaini likikaa mahali pa nyumba ya vyumba sita, linakunywa zaidi na kutoa majitaka mengi zaidi. Muulizeni mwenye jengo: chemba yako itaelekea wapi? Akishindwa kujibu hilo mbele ya mkutano, hajajiandaa, na mtakuwa mmeshamjua.

Sasa nirudi nyuma, maana nyinyi mmezaliwa mji huu ukiwa umeshaanza kukimbia.

Kabla ya uamuzi wa 1973, TANU ilipeleka swali kwenye matawi yake nchi nzima: makao makuu yahamie Dodoma, au yabaki Dar es Salaam? Matawi 1,017 yakakubali, 842 yakakataa. Itazameni hesabu hiyo. Watu waliulizwa, na wengi hawakuona aibu kusema hapana kwa jambo alilolitaka Mwalimu Nyerere mwenyewe. Nalisema hili kila ninapopata nafasi, kwa sababu kuna wanaowaambia vijana kwamba kuuliza wananchi kunachelewesha maendeleo. Hata mji huu kufanywa makao makuu kulianza kwa kuuliza.

Baada ya hapo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na mkurugenzi mkuu wake wa kwanza akawa George Kahama. Wataalamu wa kampuni ya Project Planning Associates kutoka Toronto, Kanada, wakachora Mpango Kabambe uliotoka 1976. Mpango ule ulikuwa na wazo ambalo hadi leo naliona ni la heshima. Ulitaka mji usiojengwa kwa ajili ya kutisha wageni. Majengo yasishindane na vilima. Watu waishi katika jumuiya ndogo zenye shule, zahanati na soko, waende kazini kwa miguu, kwa baiskeli au kwa basi, na miti iwe mingi. Mkisikia mtu anasema sura ya chini chini ya mji wetu ni umaskini tu, mwambieni kwamba taifa liliwahi kukaa likaichagua kwa makusudi.

Ila ndani ya mistari ya mchoro ule walikuwamo watu, na wao hawakuulizwa kama matawi yalivyoulizwa. Walikuwamo Wagogo wenye mashamba ya uwele na mtama, wenye ng'ombe, wenye makaburi ya babu zao. Ardhi yote ya eneo la makao makuu iliwekwa chini ya mamlaka moja, na mwananchi akawa mpangaji wa ardhi kwa mkataba wa miaka 33. Aliyejenga bila kibali alibomolewa. Maneno bomoabomoa na CDA yalitamkwa pamoja kwa miaka mingi, na mtoto wa Dodoma aliyajua kabla hajajua kuandika. Tarehe 15 Mei 2017 Rais Magufuli akaivunja mamlaka ile, kazi zake zikahamia Manispaa, na wenye mikataba ile wakaanza kupewa hati za miaka 99. Wengi tulishusha pumzi.

Nasikia siku hizi baadhi ya watu wakiona maghorofa yanavyoota wanasema afadhali enzi za CDA, angalau mji ulikuwa na mpangilio. Mimi siwafuati huko. Wakati ule mpango ulilindwa bila kumuuliza mwenye nyumba, na wakati huu fedha inajenga bila kumuuliza jirani. Kasoro ni ile ile, imebadilisha mlango tu. Kwa hiyo msitamani mkono wa chuma urudi kuwalindia mtaa. Ukirudi, utaanza na nyumba zenu.

Na fedha imekuja kwa kasi kweli. Julai 2016 ilitangazwa kwamba Serikali yote inahamia hapa. Aprili 26, 2018 tukawa Jiji. Wizara zikaanza kujenga Mtumba, treni ya umeme ikaanza kuja hapa 2024. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa yetu. Ya 2022 ikahesabu 765,179 katika eneo hilo hilo. Katika miaka kumi tumekaribia kuwa mara mbili. Watu hao lazima walale mahali. Kijana anayesema tusijenge chochote anasema watu hao walale nje, au waende kupanga mbali kabisa, Nala na Ihumwa, wapande daladala mbili kufika kazini. Sitaki mseme hivyo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na Makole imepona kwa wageni: wapangaji ndio waliosomesha watoto wengi wa mtaa huu. Hata mnapokwenda kwenye mkutano, nendeni na wapangaji. Mkazi wa mtaa aliyetimiza umri ana sauti pale hata kama hana kiwanja, na yeye ndiye wa kwanza kufukuzwa nyumba inapouzwa. Ajabu ni kwamba mara nyingi ndiye wa mwisho kuambiwa.

Nilifanya kazi ya masijala katika ofisi moja ya ardhi mpaka nikastaafu. Kazi yetu ilikuwa kutunza majalada: kila kiwanja na jalada lake, kila barua na namba yake ya ukurasa. Kazi ile ilinifundisha jinsi mji unavyobadilika. Haubadiliki kwa tingatinga. Unabadilika kwa karatasi, jalada moja moja, kimya kimya, na mwisho ndipo tingatinga linakuja. Wanaofika dirishani kuomba kupekua ni mawakili, maafisa wa benki, madalali na wanunuzi. Majirani walikuwa wakija wakilia, jengo likiwa limeshafika lenta, na mimi nilikuwa nafungua jalada naona tangazo lilibandikwa, muda wa pingamizi ukapita, na ukurasa wa pingamizi ukabaki mtupu. Afisa akiona ukurasa mtupu anaandika kwamba hakuna aliyepinga. Anaandika kweli.

Kwa hiyo someni matangazo. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 haimruhusu mtu kubadili matumizi ya kiwanja apendavyo. Lazima aombe, na ombi lake litangazwe ili wenye hoja wazitoe. Mkiona kibao kidogo kimechomekwa kwenye kiwanja, au tangazo kwenye gazeti lenye namba ya kiwanja na kitalu cha Makole, msipite. Pigeni picha, andikeni tarehe, hesabuni siku. Kisha andikeni barua. Barua iwe fupi, iwe na namba ya kiwanja, iseme hasara mtakayoipata na mnachoomba, iwe na majina na sahihi. Pelekeni nakala mbili, moja mbaki nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Kelele za mdomo hazina ukurasa kwenye jalada. Barua yenye muhuri haiwezi kusemwa kwamba haikuwahi kuwapo.

Mwaka 1989, huko Nairobi, chama tawala kilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ambayo mtu asiye na senti alikuwa anakwenda kukaa na watoto wake siku ya Jumapili. Wangari Maathai alianza na barua. Aliandika kwa ofisi za serikali moja baada ya nyingine, akaandika kwa mashirika ya kimataifa, akauliza: mmewauliza wenye bustani? Bungeni walimtukana. Mahakama Kuu ikaitupa kesi yake. Shirika lake la Green Belt likaondolewa katika ofisi lililokuwa linatumia. Lakini barua zilikuwa zimeshafika, waliokuwa watoe mkopo wakaanza kujiuliza, mradi ukapunguzwa, kisha ukafa, na mwaka 1992 uzio ukaondolewa. Bustani ipo hadi leo. Nawaambia habari hii ili mjue kwamba kushindwa mahakamani si mwisho wa jambo, na kwamba mwanamke yule, kabla ya tuzo ya Nobel na sifa za dunia, alikuwa mtu wa kalamu na bahasha.

Lamu nao wana cha kutufundisha. Kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilipangwa karibu na mji ule wa kale, na mamlaka ya mazingira ya Kenya ikakipa leseni 2016. Wenyeji wakajikusanya chini ya jina Save Lamu: wavuvi, wakulima, walimu wa madrasa, wanawake. Juni 2019 Baraza la Mazingira likaifuta leseni ile. Sababu kubwa ilikuwa nini? Wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanyika mapema, kabla ripoti haijakamilika, na watu hawakupewa taarifa zilizowawezesha kujibu. Someni hapo mara mbili. Waliomba waulizwe sawasawa, na kwa kuwa hawakuulizwa sawasawa, mradi mkubwa kiasi kile ukasimama. Nasi tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, yenye tathmini ya athari na nafasi ya wananchi kutoa maoni, na inayokataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka mto. Makorongo yetu yanakauka nusu mwaka mpaka mtu anasahau kwamba ni njia ya maji. Msisahau nyinyi.

Upande wa pili kuna Zanzibar. Mambo Msiige pale Shangani ilikuwa nyumba ya kale ya karne ya 19, kando yake kukiwa na uwazi unaotazama bahari. Ikageuzwa hoteli kubwa, likaongezwa jengo jipya, na hoteli ikafunguliwa 2015. UNESCO, ambao waliutambua Mji Mkongwe kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, walilalamika juu ya ukubwa wa jengo lile na namna lilivyopitishwa. Maneno yalikuwa makali, lakini kuta zilikuwa zinapanda. Kama chombo cha dunia kinaweza kuchelewa, mtaa wa Makole usiokuwa na jina lolote UNESCO utakosaje kuchelewa? Sisi hatuna ngome ya kale wala mlango wa kuchonga wa kuonyesha watalii. Nyumba zetu hakuna atakayeziandika kwenye orodha ya urithi. Tunaloweza kusema ni kwamba tunaishi hapa, na hilo lazima lisemwe mapema na kwa wingi.

Kuna jambo la ndani ya nyumba, na hapa nitawauma kidogo. Ghorofa lile la pale kona halijengwi na adui aliyeshuka usiku. Kiwanja kiliuzwa na watoto wa marehemu jirani yetu, watoto ambao mmecheza nao. Mzee alipofariki walikaa wiki moja, wakateua msimamizi wa mirathi, dalali akaja na bei ambayo hakuna mmoja wao aliyewahi kuiona, wakagawana, kila mmoja akaenda zake. Siwalaumu kwa kuhitaji fedha. Nawalilia kwa sababu walifanya haraka, na waliouza kwa haraka waliuza kwa bei ya kiwanja cha makazi, kisha mnunuzi akabadili matumizi na thamani ikapanda mikononi mwake.

Basi jueni haya kabla ya msiba, kwa sababu wakati wa msiba hakuna anayesikiliza. Msimamizi wa mirathi si mmiliki. Amepewa na mahakama kazi ya kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa, na lazima arudishe hesabu. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, hata kama hati ina jina la mume peke yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilisema hivyo, na watoto wa kiume wanaomtoa mama yao kwenye nyumba aliyoijenga na baba yao wanamvunja moyo. Ulizeni wazazi wenu wakiwa hai: hati iko wapi, ina jina la nani, kodi ya ardhi imelipwa? Wengi wenu hamjawahi kuiona hati ya nyumba mliyozaliwa.

Na kama familia imeona lazima nyumba ibadilike, ibadilike ikiwa mikononi mwenu. Tangu 2008 tunayo sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo. Familia inaweza kuingia ubia na mjenzi, ardhi iwe mchango wake, na jengo likiisha kila ndugu awe na hati ya sehemu yake, na wenyewe wawe na kauli juu ya urefu wa jengo, uani na mti. Tafuteni wakili wenu, si wakili wa mjenzi. Mtalipa, na inauma kulipa wakili kabla ya kupata chochote, lakini nimeona majalada ya wasiolipa.

Ghorofa likipata kibali halali, kazi yenu haijaisha. Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lilianguka Dar es Salaam katika Mtaa wa Indira Gandhi, watu 36 wakafa, wakiwamo watoto waliokuwa wanacheza jirani. Viongozi walieleza wakati ule kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Ghorofa sita ziliongezwa mbele ya macho ya mtaa mzima. Hesabuni ghorofa, wajukuu zangu. Kibao cha mradi kinatakiwa kiwe pale nje, na jina la mkandarasi, la mhandisi, na namba za usajili. Kama kibali kinasema nne na fundi anasuka nondo za ya tano, hamuoni choyo mkiripoti; mnaokoa watoto wanaocheza chini ya ukuta ule.

Nawaomba pia msimchukie mwenye jengo. Mwiteni. Mara nyingi ni mtumishi aliyestaafu au mfanyabiashara aliyeuza ng'ombe wake Kondoa, ameweka akiba yake yote pale, na anaogopa kuliko mnavyoogopa nyinyi. Mkimwendea na mawe atakwenda polisi. Mkimwendea na orodha ya mambo anayoweza kuyafanya, atasikiliza, maana naye anataka kulala usingizi. Mwambieni arudi nyuma ya mpaka kama kanuni zinavyotaka, asizibe kichochoro. Mwambieni mwarobaini ule ubaki na magari yaegeshwe pembeni yake. Kampeni ya kukijanisha Dodoma ilizinduliwa mwaka 2017, na ni aibu kupanda miche barabarani huku tukikata miti iliyokwisha kukua. Madirisha ya upande wa jirani yawe ya juu, asichungulie uani kwa watu. Maji ya paa lake yaingie kwenye tangi lake. Na chini aache uwazi, hata kama ni wa turubai moja. Akikubali matano katika hayo, yaandikeni, yasainiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, nakala iende kwenye jalada la kiwanja.

Nalo jambo la mwenyekiti. Novemba 2024 tulipiga kura ya serikali za mitaa. Wangapi kati yenu mlijiandikisha? Mnajua jina la mbunge wa jimbo lisilo lenu na mchezaji wa timu ya Uingereza, na hamjui mjumbe wa mtaa anayepitishiwa mauziano ya kiwanja. Kwenye mkutano wa mtaa tunakuja kina mama wazee na wanaume wanaotafuta kivuli, tunakaa ishirini, tunakubali yaliyokwisha kuandikwa. Ukumbi ule ukiwa na vijana hamsini wenye daftari, mambo hayatasomwa kwa haraka kama yanavyosomwa. Ombeni muhtasari wa mkutano uliopita. Ombeni kuona Mpango Kabambe wa 2019 hadi 2039 umeipangia nini kata yetu: ghorofa ngapi zinaruhusiwa, barabara ipi itapanuliwa, uwazi upi umebaki wa umma. Mpango ule ni wa wananchi, na kuuomba si uchochezi. Kama kwenye ramani kuna kiwanja cha wazi na nyinyi mnakiona kimewekewa uzio, hapo pana kazi ya kufanya kesho asubuhi.

Mkutano ujao njooni mapema, mkae viti vya mbele. Mimi nitakuja na jina langu nitaliandika kwenye mahudhurio, lakini sitasema neno. Ikifika mengineyo, nataka mmoja wenu asimame, aseme jina lake na namba ya nyumba anayokaa, aulize mchoro wa kitalu chetu unasema nini, na asikae chini mpaka karani aandike swali lake.